Siku kumi Chotanagpur: shajara ya safari katika nyumba za Mabinti wa Mtakatifu Anna

Kabla ya kuondoka

Chotanagpur ni uwanda wa juu ulioko mashariki mwa India, katika jimbo la Jharkhand. Ranchi, mji wake mkuu, uko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari. Anayekwenda huko kutembelea masista Wakatoliki wa shirika la Mabinti wa Mtakatifu Anna ajue mambo matatu mapema. Kwanza, viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi ya kimisionari. Ipo viza ya pekee kwa kazi hiyo. Mgeni asishangae masista wakimkatalia kuhutubia kanisani, kwani yeye ataondoka na wao ndio watakaobaki kujibu. Pili, nyumba yoyote inayomlaza mgeni wa kutoka nje hutakiwa kupeleka taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, kwa hiyo beba nakala kadhaa za pasipoti na viza. Tatu, atokaye Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Julai ni mwezi wa mvua nzito. Chukua chandarua, tochi yenye betri za akiba, kandambili na nguo za rangi iliyokolea. Udongo wa huko ni mwekundu na hautoki kwenye nguo nyeupe.

17 Julai, Ijumaa. Howrah

Treni ya usiku kwenda Ranchi huondoka Howrah, stesheni kubwa iliyo ng'ambo ya mto Hooghly kutoka Kolkata. Chini ya kitanda cha chini kuna pete za chuma; mzigo hufungwa hapo kwa mnyororo na kufuli, na wachuuzi wa minyororo hupita jukwaani. Kitanda cha juu kina joto lakini hakuna atakayekuamsha ili akae. Alfajiri hewa hubadilika: jasho la Bengal limeachwa nyuma, na dirishani yanaonekana mashamba ya mpunga yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, yamejaa maji.

18 Julai, Jumamosi. Ranchi

Makao makuu ya shirika yako barabara ya Purulia, barabara ambayo siku hizi ina jina la Camille Bulcke, Mjesuiti Mbelgiji aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kihindi. Kanisa kuu la Bikira Maria liko barabara hiyohiyo. Telesphore Toppo, Mkardinali wa kwanza kutoka watu wa makabila ya asili ya India, aliyeteuliwa mwaka 2003, alikuwa Askofu Mkuu wa hapa.

Historia ya shirika ianzie kwa Constant Lievens, Mjesuiti aliyefika Chotanagpur mwaka 1885. Alijifunza sheria za ardhi, akawasimamia wakulima wa makabila ya Wamunda na Waoraon mahakamani dhidi ya wamiliki wakubwa wa ardhi, na maelfu wakaomba ubatizo. Masista wa Loreto walifika Ranchi mwaka 1890, wakafungua shule ya wasichana. Katika shule hiyo alisoma Bernadette Kispotta, Mworaon wa kijiji cha Sargaon upande wa Mandar, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1878. Yeye na wenzake watatu walitaka kuishi kama masista waliowafundisha. Kikwazo kilikuwa ndoa. Kwa Waoraon wa siku zile msichana akikomaa anaozwa. Asiyeolewa hakuwa na mahali pa kuwekwa katika ukoo, na wazazi walidhani binti yao amerogwa au ametekwa akili na wageni. Wasichana walishikilia neno lao. Tarehe 26 Julai 1897, sikukuu ya Mtakatifu Anna, shirika likaanza. Bernadette alikuwa na miaka 19. Alifariki tarehe 16 Aprili 1961, na mwaka 2016 Kanisa lilimtangaza Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza kuelekea kutangazwa mtakatifu.

Msomaji ashike jambo moja kabla ya kuendelea: hili ni shirika lililozaliwa na wasichana wa vijijini, wakulima wa mpunga, kwa ajili ya vijiji vyao. Karibu kila kitu kitakachoonekana siku zinazofuata kinatokana na hapo. Sista anayempima mtoto malaria amekulia kwenye nyumba ya udongo kama ile ya mtoto huyo, na anajua kwa nini mama amechelewa kuja.

19 Julai, Jumapili. Mandar hadi Gumla

Misa ya Jumapili Mandar, kama kilomita 30 magharibi ya Ranchi. Nyimbo ni za Kihindi, Kisadri na Kikurukh. Kikurukh ndiyo lugha ya Waoraon, na ni ya jamii ya lugha za kusini mwa India. Kimunda na Kikharia ni za jamii nyingine kabisa. Kisadri ndicho kinachowaunganisha sokoni na kanisani, kama Kiswahili kinavyofanya kwetu, na sista asiyekijua hawezi kazi ya kijijini hata awe na shahada gani. Ngoma kuu inaitwa mandar, sawa na mji. Mwili wake ni wa udongo wa kuchomwa, nao una ngozi upande mkubwa na upande mdogo. Siku za mvua ngozi hulegea, kwa hiyo mpigaji huikausha karibu na moto wa jikoni kabla ya Misa.

Mchana ni safari ya basi kwenda Gumla, kisha riksho ya magurudumu matatu kwenye barabara ya udongo. Mgeni hupokewa kwa maji ndani ya chombo cha shaba kiitwacho lota. Kwanza ananawa, ndipo salamu. Wakristo husema "Jai Yesu", na salamu ya watu wote wa makabila ni "Johar", mikono ikiwa imeunganishwa kifuani.

20 Julai, Jumatatu. Ratiba ya nyumba na jiko la hosteli

Nyumba ya kijijini huwa na masista wachache, watatu hadi sita: mkuu wa jumuiya, muuguzi, mwalimu mmoja au wawili, msimamizi wa hosteli, na mara nyingine sista mzee anayetunza bustani na sakristia. Ratiba hutofautiana nyumba kwa nyumba, ila mpango wake ni huu. Kengele saa 10:30 alfajiri. Tafakari ya kimya nusu saa, kisha Masifu ya Asubuhi. Misa saa 12, kama padre yupo. Vigango vya mbali hupata Misa kwa zamu, na siku nyingine masista hufanya ibada ya Neno. Chai saa 1, kazi kuanzia saa 2. Malaika wa Bwana adhuhuri. Masifu ya Jioni na rozari jua linapozama, chakula, nusu saa ya mazungumzo, sala ya usiku, halafu ukimya hadi asubuhi.

Ukimya huo unavunjwa kwa mlango wa zahanati tu. Wanovisi, yaani wasichana walio katika malezi kabla ya nadhiri, hufundishwa mapema kwamba mgonjwa akibisha wakati wa tafakari, sista huondoka bila kuomba radhi kwa mtu, na tafakari hulipwa jioni.

Sasa jikoni. Tuchukue hosteli ya wasichana 80. Mlo mmoja wa wali huhitaji gramu 150 za mchele kwa kila msichana, yaani kilo 12. Mchele wa huku huchemshwa ukiwa na maganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Punje hubaki ngumu na huchelewa kuiva, lakini vitamini nyingi zimeingia ndani ya punje. Huoshwa mara moja au mbili tu, hutiwa kwenye maji yanayochemka, mara nne ya ujazo wake, na ukiiva maji yale mazito, maar, humwagwa kwenye chombo. Maar haitupwi hata tone. Hunywewa na chumvi, au hupikiwa majani makavu. Majani ya koinar na futkal huvunwa kipindi cha kiangazi, hukaushwa na kuwekwa, na Julai bustani ikizama majini ndiyo mboga. Aliyekula mlenda mkavu wa Dodoma atauelewa mchuzi huo mara moja.

Wakati huu wa mvua huongezeka rugra, uyoga wa mviringo kama gololi unaochimbwa chini ya miti ya sal. Unaoshwa maji saba au nane, kwa sababu udongo umeshika kwenye ngozi yake, kisha hupikwa kwa viungo kama nyama.

Kabla mchele haujatiwa sufuriani, mpishi huchota ngumi moja na kuiweka kwenye mtungi wa pembeni. Ndivyo wafanyavyo wanawake Wakristo wengi majumbani kwao. Ngumi ni kama gramu 50. Nyumba inayopika mara mbili kwa siku hukusanya kama kilo 3 kwa mwezi. Mtungi huo tutaurudia.

Jumatatu ni siku ya vidonge vya buluu: chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 500, kidonge kimoja kwa wiki kwa kila msichana, kwa mpango wa serikali dhidi ya upungufu wa damu. Hutolewa baada ya chakula, kwa kuwa tumbo tupu huleta kichefuchefu, na chai husubiri saa nzima maana huzuia chuma kufyonzwa. Wasichana huambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Wasipoambiwa, wiki ya pili vidonge vitakutwa vimetupwa nyuma ya bafu. Kila mmoja humeza mbele ya sista.

21 Julai, Jumanne. Zahanati

Foleni huanza kabla ya Misa. Walio mbali wametembea gizani ili warudi shambani, maana Julai kila siku moja ya kupandikiza mpunga ina thamani. Hapa ndipo muuguzi wa kigeni hukosea: humpangia mgonjwa arudi kesho. Hatarudi. Kila kinachoweza kumalizwa leo kinamalizwa leo.

Malaria ndiyo kazi kubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea aina moja ya vimelea vyake, falsiparamu. Jharkhand kuna falsiparamu na aina nyingine, vivaksi, pamoja, na tiba zake ni tofauti, hivyo hakuna dawa kabla ya kipimo. Kipimo cha haraka kina mistari mitatu: wa udhibiti, wa falsiparamu na wa vivaksi. Makosa yanayokiharibu ni haya. Pakiti kufunguliwa mapema. Siku ya mvua unyevu huingia na damu haipandi vizuri. Matone ya dawa ya kusafishia kuzidi idadi iliyoandikwa, damu ikasambaa na mistari ikafifia. Kusoma kabla ya dakika zilizoagizwa, au kukisahau na kukisoma baada ya saa nzima, mstari wa uongo ukiwa umeshajitokeza. Sista huandika saa ya kudondosha damu juu ya kipimo chenyewe kwa kalamu, na saa ya ukutani inaning'inia mbele ya macho yake.

Vivaksi kwa mtu mzima: klorokwini yenye miligramu 150 za dawa halisi kwa kidonge, vidonge 4 siku ya kwanza, 4 ya pili, 2 ya tatu. Hiyo inaondoa homa. Vivaksi, hata hivyo, hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi, kwa hiyo kuna primakwini miligramu 15 kila siku kwa siku 14. Haipewi mjamzito, mtoto wa chini ya mwaka mmoja wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambaye damu yake huweza kuvunjika. Kila anayepewa huelezwa: mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, acha dawa, njoo. Tatizo la siku 14 ni kwamba siku ya nne mtu amepona, yuko shambani, na vidonge vimebaki kwenye pembe ya sari. Nyumba nyingine humkabidhi katekista wa kijiji vidonge, naye humpa mgonjwa kila jioni baada ya rozari. Hakuna njia iliyoshinda hiyo.

Falsiparamu hutibiwa kwa dawa mseto ya artesuneti siku tatu, na primakwini mara moja tu siku ya pili. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeamka vizuri au aliyepata degedege haanziwi matibabu ya vidonge. Ni gari, na hospitali.

Kuhara huja na mvua. Pakiti moja ya chumvi ya kunywa kwa lita moja kamili ya maji safi. Kosa la kila mwaka ni mama kugawa pakiti kwa glasi, kila glasi akaikadiria kwa jicho. Dawa ni kumpa chupa ya lita moja aende nayo nyumbani. Mahali pasipo na pakiti: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vikisawazishwa kwa kisu. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 14. Miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni kikopo cha makohozi kwa kipimo cha kifua kikuu, bila mjadala. Baka lisilosikia mguso ni safari ya kituo cha serikali kwa ukoma. Dawa za magonjwa yote mawili ni za bure, na zahanati ya masista haiziuzi wala haizianzishi yenyewe. Kazi yake ni kutambua, kusindikiza, na kumfuata anayeacha.

22 Julai, Jumatano. Maji

Mvua siku nzima. Pampu ya mkono uani ni India Mark II, ileile ambayo Uganda huiita U2 na inayoonekana katika vijiji vingi vya Afrika. Ikiwa nzima, mipigo 40 mfululizo hujaza ndoo ya lita 15. Ikipungua, kwa kawaida vikombe vya ngozi au mpira ndani ya silinda vimelika. Ikikupa maji baada ya kupiga hewa muda mrefu, vali ya chini inavuja. Mnyororo wa kichwani unataka grisi kila mwezi. Ukiachwa unashika kutu, unakatika, na mtaa mzima hukosa maji kwa sababu ya kijiko kimoja cha grisi.

Kisima cha wazi hutiwa unga wa klorini wakati wa mvua. Hesabu: kisima chenye kipenyo cha mita 2 na maji ya kina cha mita 3 kina lita kama 9,400. Unga wenye nguvu ya asilimia 33 hutiwa gramu 2.5 kwa kila lita 1,000, kwa hiyo karibu gramu 24. Unga hukorogwa ndoo moja pembeni, chokaa ikatuama chini, na maji ya juu tu ndiyo yashushwe kisimani jioni. Yasitekwe kwa saa nzima. Unga ulioachwa wazi Julai hufa upesi. Kama hauna tena harufu kali puani, unapoteza muda.

23 Julai, Alhamisi. Mpunga

Mashamba ya mabonde huitwa don, ya juu huitwa tanr. Don hupandwa mpunga. Tanr hupandwa ulezi, ambao huku huitwa madua. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Ugali wake na uji wake mgeni kutoka kwetu ataujua kwa ulimi kabla ya kuujua kwa jina.

Mbegu ya mpunga ilichaguliwa kwenye maji ya chumvi, mazito kiasi cha yai bichi kuelea. Punje zinazoelea ni pumba, zinazozama huoshwa na kupandwa. Kitalu kilimwagwa Juni mvua ilipotulia. Miche sasa ina siku 21 hadi 25, na huo ndio wakati wake. Ikipita siku 30 huanza kuzeeka kitaluni na haitatoa machipukizi ya kutosha hata shamba liwe na mbolea gani.

Kulima kwa ng'ombe ni kazi ya wanaume peke yao. Kwa desturi ya Waoraon na Wamunda mwanamke hagusi plau. Wazee huamini mvua itakatika. Masista hawabishani na desturi hii mwezi wa Julai. Hukodi mtu na jozi ya ng'ombe, au trekta dogo, na wakimpata mwenye ng'ombe siku tatu baada ya mvua kubwa, wamechelewa, kwa sababu kila mtu anamtaka siku hiyohiyo. Ahadi hufungwa Mei.

Kupandikiza ni kazi ya wanawake, na hapo masista huingia matopeni pamoja na majirani, sari ikiwa imekunjwa hadi magotini na pindo limechomekwa kiunoni. Miche 2 au 3 kwa shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3, nafasi ya sentimita 20 kwa 15. Kamba yenye mafundo husaidia mistari inyooke, ili palizi iwezekane baadaye. Wasiozoea huzamisha mche sana wakidhani utashika. Ukizidi sentimita 5 huchelewa kuchipua, na shamba huonekana na mapengo Agosti. Maji yabaki kina cha vidole viwili. Kingo za udongo hukaguliwa kila asubuhi, maana kaa huzitoboa na usiku mmoja unatosha kukausha ngazi nzima.

Wanawake huimba wanapopanda, mstari ukirudi nyuma hatua kwa hatua. Wimbo una kazi: unaweka mwendo mmoja, hakuna anayemwacha mwenzake.

24 Julai, Ijumaa. Vijijini, na nyoka

Ziara ya vijiji hufanywa na masista wawili, kwa miguu, saa za mchana ambapo watu wamerudi kula. Kwenye mfuko: vipimo vya malaria, chumvi ya kunywa, utepe wa kupima mkono wa mtoto, bandeji, na daftari.

Daftari lina ukurasa ambao mgeni hauelewi upesi. Ni orodha ya wasichana waliokwenda Delhi na miji mingine kufanya kazi za ndani. Gumla, Simdega na Khunti ni wilaya zinazopoteza wasichana wengi kwa madalali wanaolipwa kwa kichwa. Sista huandika jina, aliyemchukua, tarehe, nambari ya simu, na mara ya mwisho nyumbani waliposikia sauti yake. Simu ikinyamaza, ukurasa huo ndio ushahidi wa kwanza polisi watakaouhitaji. Familia nyingi huja kutoa taarifa baada ya mwaka, wakati dalali ameshabadili nambari. Andika mapema, hata wazazi wakisema dalali ni ndugu.

Nyoka sasa. Julai shimo lake limejaa maji, naye huingia ndani ya nyumba. Karait, mweusi mwenye mistari myembamba myeupe, humng'ata aliyelala sakafuni usiku, na jeraha lake haliumi. Mtu huamka na tumbo linalosokota, kope zinaanguka, ulimi mzito. Familia hudhani ni ugonjwa mwingine, humwita mganga, na saa mbili zimepotea. Kope zinazoanguka asubuhi ya mvua kwa mtu aliyelala chini: fikiria karait kwanza.

Kiungo kilichong'atwa hutulizwa kwa banzi kama mfupa uliovunjika. Hakuna kufunga kamba ya kukaza, kukata, wala kunyonya. Sumu ya swila huonekana kwa uvimbe na kope zinazoanguka. Kifutu wa Russell huharibu damu, na kipimo chake ni rahisi: mililita 2 za damu ya mshipa kwenye mrija mpya wa kioo, mkavu, usiguswe dakika 20, kisha uinamishwe mara moja. Damu ikiwa bado majimaji, sumu imo. Mrija wa plastiki hudanganya. Uliooshwa kwa sabuni hudanganya pia. Dawa ya India hukabili sumu ya nyoka wanne: swila, karait, kifutu wa Russell na kifutu mdogo wa magamba ya msumeno. Huanza kwa chupa 8 hadi 10, na mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hampunguzii sumu. Adrenalini huwa imeshavutwa kwenye sindano kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Zahanati ndogo isiyo na uwezo huo hufunga banzi, hupiga simu mbele, na hupeleka.

Kinga ni ya bei nafuu kuliko vyote: kitanda, na chandarua kilichochomekwa chini ya mkeka pande zote.

25 Julai, Jumamosi. Shule ya Grihini na vitabu vya hesabu

Grihini maana yake ni mama wa nyumba. Ni mafunzo ya bweni ya miezi kadhaa kwa wasichana walioacha shule: kusoma na kuandika, lishe, malezi ya mtoto, bustani, katekisimu, ushonaji. Cherehani za kukanyaga hushika kutu msimu huu. Mafuta tone moja kila asubuhi, na mkanda wa ngozi ukilegea kwa unyevu hukatwa sentimita moja na kuungwa tena. Somo gumu kupita yote ni hesabu ya nyumba: msichana hupewa mchele, dengu, mafuta na pesa za wiki moja kwa watu sita, apange mwenyewe. Siku ya tano wengi wamebaki na mchele mtupu. Wanarudia hadi dengu ifike Jumapili.

Jioni masista hufunga vitabu. Sista mwalimu anayelipwa mshahara huuingiza wote katika mfuko wa jumuiya, na akihitaji sabuni au nauli huomba na kuandika. Nadhiri ya ufukara inaishi katika safu hizo mbili za daftari, kilichoingia na kilichotoka, na mkuu wa jumuiya hulisoma kwa sauti mbele ya wote. Mchele wa ada una kitabu chake, kwa sababu wazazi wengi hulipia hosteli kwa mchele. Hupimwa kwa paila, kipimo cha kienyeji kinachofanana na kibaba chetu, na paila ya soko hili si paila ya soko lile. Kwa hiyo nyumba huwa na paila yake moja, na kilo huandikwa pembeni.

26 Julai, Jumapili. Sikukuu ya Mtakatifu Anna

Siku ya somo wa shirika. Kwa sheria ya Kanisa unovisi hauwezi kupungua miezi 12, na nadhiri za muda huchukua si chini ya miaka mitatu kabla ya zile za daima. Maana yake kila anayerudia maneno ya ufukara, utii na useja leo amekwisha kupanda mpunga misimu kadhaa katika nyumba hizi, na ameona mlango wa zahanati ukibishwa usiku.

Wakati wa matoleo wanawake huingia kwa mstari, wameshikana mikono, wakicheza hatua ndogo kwa ngoma ya mandar, vikapu vichwani. Ndani ya vikapu kuna mchele wa ngumi, uliochotwa jikoni mwezi mzima. Julai hadi Septemba ni kipindi cha njaa: ghala za mwaka jana zimekwisha na mpunga mpya bado ni majani. Mwaka 1909 Mjesuiti John Baptist Hoffmann alianzisha chama cha ushirika cha Wakatoliki wa Chotanagpur ili mkulima asiweke rehani shamba kwa mkopeshaji kwa sababu ya gunia moja. Ngumi ya mchele inafuata njia hiyohiyo kwa kipimo kidogo.

Baada ya Misa vikapu humiminwa kwenye turubai barazani. Mchele hupepetwa, maana ukichanganyika wa nyumba nyingi huja na fukusi. Ulioshambuliwa hutengwa kwa kuku. Sista mzee hupima kwa paila ya nyumba, mwalimu huandika, na magunia hupandishwa juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Mjane mwenye watoto wanne, ambaye shamba lake halijapandwa kwa kukosa plau, ameshakaa kwenye ngazi na mfuko wake. Anapimiwa paila 10, jina linaandikwa, na mwenye ng'ombe anaombwa amwanzie yeye kesho.

Riksho ya kwenda Simdega huondoka saa 8 mchana, na kutoka hapo kuna mabasi ya Rourkela, ambako treni ya usiku hupita kurudi Howrah.